Sisimizi

Huku Magunga, Homa Bay, karibu kila mdudu mdogo anayetembea kwa mstari huitwa sisimizi. Neno ni tamu, lakini limebebeshwa koo nyingi mno. Hata mchwa hutiwa humo, ilhali si wa ukoo huo: mchwa hana kiuno chembamba, na kumbikumbi, ambao Wajaluo huwaita ng'wen, ni mchwa wenye mbawa.

Ukitaka kumjua sisimizi, mchukue mfanyakazi asiye na mbawa umtazame kiuno kwa lenzi. Kina nundu moja au mbili? Jenasi inayonivutia zaidi ni Crematogaster. Ina nundu mbili, na ile ya nyuma imeshikana na tumbo kwa juu, si kwa mbele kama ilivyo kwa sisimizi wengine. Tumbo lenyewe lina umbo la moyo, naye akichokozwa hulipindua hadi juu ya kichwa. Wale wanaolinda migunga ya Laikipia isiliwe na ndovu wengi wao ni wa jenasi hii.

Mdudu kama huyu anastahili jina lake. Napendekeza sisimizi tumbojuu. Walimu wa sayansi, lijaribuni darasani.