Mtoto Asiyepigwa Picha

Asubuhi waliyokuja kupiga picha kijijini kwetu, Singida, mama alitupaka mafuta mimi na mdogo wangu mpaka tukang'aa. Mdogo wangu alikuwa na miaka 8. Alisimamishwa kwenye ukuta wa darasa, akapigwa picha, akapewa namba. Mimi nilikuwa na 13. Nikaambiwa umri umepita.

Barua zilipoanza kuja, niliyemjibu mfadhili nilikuwa mimi, kwa sababu mdogo wangu aliandika kama kuku aliyekanyaga wino. Nilishukuru kwa sare. Nilishukuru kwa viatu ambavyo sikuvivaa.

Chuoni, nikisoma historia, niligundua kuwa utaratibu ule ni wa zamani kuliko mama yangu. Mwaka 1937, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies na mwenzake Eric Muggeridge walianzisha mpango wa kumuunganisha mtoto mmoja wa vita na mtu mmoja wa nje. Mfadhili alitoa fedha, naye akapata jina, picha na barua. Walielewa jambo ambalo kila mchangishaji analijua: maelfu hawana sura, mmoja anayo.

Vita viliisha, njia ikabaki. Mwaka 1972 Cecil Jackson-Cole alianzisha Uingereza shirika ambalo leo ni ActionAid, kwa wafadhili 88 na watoto 88 wa India na Kenya. Sasa picha ile ile ilitumika kupambana na umaskini wa kijijini, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipoanza kubana. Aliyekimbia mabomu huenda alikuwa peke yake. Mtoto wa kijijini ana ndugu, na wanalala kitanda kimoja.

Lawama hazikukawia. Mwaka 1982 jarida la New Internationalist liliwaomba wasomaji wake, kwenye jalada, wasimfadhili mtoto. Nilipolisoma nilishangilia kidogo, nakiri. Hatimaye mtu amesema!

Kisha nikakutana na utafiti wa mchumi Bruce Wydick na wenzake, uliochapishwa 2013. Walifuatilia zaidi ya watu 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliofadhiliwa utotoni walikuwa wamesoma zaidi ya mwaka mmoja wa ziada. Walijuaje kuwa ni ufadhili na si bahati ya familia? Sehemu ya jibu ni kwamba waliwalinganisha na ndugu zao wakubwa, waliokuwa wamevuka miaka 12 mpango ulipoingia kijijini.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje ya maktaba. Sikuwa kwenye utafiti ule, lakini nilijitambua. Furaha yangu ya 1982 ikaniaibisha: ningetaka kweli mdogo wangu akose mwaka ule? Mimi nilisomeshwa kwa alizeti na madeni ya baba. Shamba lile lisingetosha wawili.

Likizo iliyopita nilimuuliza kama bado anazo barua za mfadhili. Alizitoa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, akanisomea moja huku akicheka. Mama yule wa Ulaya alikuwa ameisifu hati yake. Alisema hajawahi kuona mtoto wa miaka 9 anayeandika vizuri vile.