Mninga: utomvu mwekundu unasaidia wapi, na wapi unadhuru

Ukilichanja gome la mninga kwa panga, hutoka utomvu mwekundu unaochuruzika kama damu. Unanata mkononi, na ukidondokea shati doa halitoki. Ukikauka hugeuka vipande vyeusi-vyekundu vinavyovunjika kama kioo. Kwa sababu ya rangi hiyo, watu wengi wameuchukua kuwa dawa ya kila jambo la damu: jeraha, hedhi nyingi, damu ya puani, hata upungufu wa damu. Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kwanza mti wenyewe. Mninga, ambao wataalamu huuita Pterocarpus angolensis, humea katika misitu ya miombo kuanzia Angola hadi Msumbiji na Tanzania. Hapa Tanzania watu wa Tabora, Katavi na Ruvuma wanaujua vizuri. Tunda lake huwezi kulikosea: ni bapa na la mviringo, upana wa kiganja, katikati lina miiba-miiba na pembeni lina ubawa mwembamba, mfano wa yai la kukaanga lililoota nywele. Mbao zake hazipindi na mchwa hawazipendi, ndiyo maana kitanda cha mninga ni ghali. (Fundi anayezipasua afunge kitambaa puani, vumbi lake huwasha na linaweza kuleta pumu.)

Sasa utomvu. Una tanini nyingi, kitu kile kile kinachofanya chai iliyochemka mno au ndizi mbichi ikaushe ulimi. Tanini hukaza ngozi na nyama iliyo wazi, kwa hiyo mchubuko mdogo uliopakwa utomvu huacha kuvuja. Ulaya nako walitumia dawa ya aina hii: tangu karne ya 18 maduka yao ya dawa yaliuza utomvu mkavu wa mti wa jamii ya mninga unaoota Afrika Magharibi, kwa jina la kino, hasa kwa kuzuia kuhara. Wazee wetu hawakubahatisha.

Upungufu wa damu ni habari nyingine. Damu ya mtu ni nyekundu kwa sababu ina madini ya chuma. Wekundu wa mninga hautokani na chuma. Zaidi ya hapo, tanini hushikamana na chuma tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Mama mjamzito anayekunywa maji ya mninga ili aongeze damu anaweza kuwa anaipunguza. Ni sababu ile ile wauguzi wa kliniki husema vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa chai. Mwenye kizunguzungu, viganja vyeupe na moyo unaokwenda mbio aende akapimwe damu, asisubiri kumaliza chupa.

Wapo pia wanaodondoshea utomvu jichoni kutibu mtoto wa jicho. Tunasema wazi: msifanye hivyo. Mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani ya lenzi ya jicho, tone la nje haliuondoi, na tiba yake ni upasuaji. Utomvu uliokingwa kwenye gome huja na vumbi na vijidudu, na jicho lililopata kidonda linaweza kupofuka kabisa.

Mti nao unaumia. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome, kwa hiyo anayechuna gome kuzunguka shina lote ameuua. Kuupata mwingine si kazi ndogo. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena masika, miaka kadhaa mfululizo, kabla haujapata shina la kudumu. Moto wa kila mwaka huurudisha nyuma zaidi. Mti wa kupasua mbao umeishi miongo mingi. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliiweka miti ya jamii hii ya Afrika katika orodha ya ile ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali.

Anayehitaji utomvu wa kupaka mchubuko achanje kidogo, upande mmoja tu, na asirudie mti huo mpaka kovu lifunge. Na kama kuna mninga uliokatwa kwa kibali karibu na kijiji, kisiki kibichi nacho hutoa utomvu. Anza na hicho.