Bei Iliyopimwa kwa Dizeli

Kabla ya 2018, umeme wa Songea, kusini mwa Tanzania, ulinuka dizeli. Mji haukuwa kwenye gridi ya taifa. Uliwashwa na majenereta ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na mafuta yake yalisafirishwa kwa malori kutoka pwani, karibu kilomita elfu moja. Na kwa muda mrefu, mkoani humohumo, Mto Ruvuma ulikuwa ukiporomoka bure.

Kwamba maporomoko ni umeme, misheni za kusini zilijua siku nyingi. Nyingi zilikuwa na mtambo mdogo wa maji wa kuwashia kanisa, hospitali na karakana. Kazi ilikuwa kuuza ziada. Mwenye mtambo mdogo angekwenda peke yake kujadiliana na shirika la taifa, bila bei wala mkataba wa kuanzia, angezeekea mapokezi.

Sheria ya Umeme ya 2008 ndiyo iliyofungua mlango, kisha mdhibiti, EWURA, akaleta mambo mawili ya kikarani ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyobeba mpango mzima: mkataba wa aina moja kwa kila atakayeuza umeme usiozidi megawati 10, na bei inayotangazwa kwa wote.

Bei hiyo haikuwa hisani. Ilikokotolewa kwa gharama ambayo TANESCO ingebeba kama isingenunua umeme ule. Mwaka 2012, uniti moja kwenye gridi ilikuwa shilingi 152.54. Nje ya gridi, kunakochomwa dizeli, ilikuwa shilingi 480.50, zaidi ya mara tatu. Hata majira yalihesabiwa: Agosti hadi Novemba, mito imenywea, bei ya gridi ilipanda kwa asilimia 20, miezi mingine ilishuka kwa asilimia 10.

Mwaka huohuo mtambo wa maji wa Mwenga, huko Mufindi, ukaanza kuzalisha megawati 4, ukiuza kwenye gridi na kwa vijiji vya jirani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nao ulikuwa ukitoa ruzuku kwa wateja wapya wa vijijini. Waliofuata hawakuwa wengi. Shilingi 152 haikutosha kulipa mkopo wa benki, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, tena mzito wa kulipa.

Mwaka 2015 EWURA ikabadili hesabu: umeme wa maji na wa mabaki ya mimea ukapangiwa bei kwa dola kufuatana na ukubwa wa mtambo, jua na upepo vikapelekwa kwenye zabuni. Mwaka huohuo masista Wabenediktini wa Chipole wakawasha mtambo wao wa megawati 5 kwenye maporomoko ya Tulila ya Mto Ruvuma, wakawa wanaiuzia TANESCO umeme wa kuipunguzia Songea dizeli.

Miaka mitatu baadaye njia ya msongo wa kilovoti 220 ikafika kutoka Makambako. Majenereta ya Songea yakazimwa, na umeme wa Tulila ukaingia kwenye waya mmoja na ule wa bwawa la Kidatu.