Jeni Moja na Vijiji Vilivyohamishwa

Ukitoka Mpanda kupitia Sitalike kuelekea Sumbawanga, kuna kipande cha njia ambacho wenyeji hufunga madirisha hata joto likizidi. Barabara imeingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo ndorobo ndio wenye mji. Aliyevaa nguo ya buluu au nyeusi hupata taabu kuliko wenzake, kwa sababu rangi hizo humvuta mdudu huyu. Abiria wengi humhesabu kama kero ya safari, wakishafika mjini wanamsahau. Lakini ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o, pamoja na serikali zilizomwogopa, ndio waliochora sehemu kubwa ya ramani ya Katavi: wapi paishi watu, wapi pasikae ng'ombe, wapi pabaki pori.

Makala hii inahusu swali moja ambalo serikali hizo zilishindwa kulijibu kwa miaka mingi, na gharama iliyolipwa na watu wakati jibu linatafutwa. Jibu lilikuja mwaka 1998, na lilikuwa jeni moja.

Swali lenyewe ni hili. Ndorobo hubeba vimelea vidogo viitwavyo tripanosoma. Aina moja, Trypanosoma brucei, hukaa ndani ya swala, pongo, nguruwe pori na ng'ombe. Mwaka 1910, Stephens na Fantham wa Liverpool walieleza kimelea walichokiita Trypanosoma rhodesiense, kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa amepita Bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Hiki kilileta malale: homa, kuchanganyikiwa, usingizi usio na wakati, na kifo asipotibiwa mtu. Tatizo ni kwamba ukiviweka chini ya darubini, kile cha pongo na kile cha mgonjwa havitofautiani. Je, ni kitu kimoja au viwili? Kama ni kimoja, kila mnyama wa porini ni hatari kwa binadamu. Kama ni viwili, hatari iko wapi hasa?

Kabla ya swali hilo kufika maabara, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika nchini. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usio kifani. Zikafuata njaa, ndui, vita vya ukoloni na kuchukuliwa kwa vijana kuwa wapagazi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na historia ya Tanganyika, alisema kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wakimdhibiti ndorobo kwa kulima, kuchoma vichaka na kuchunga mifugo. Wapo waliopinga makadirio yake ya idadi ya watu, lakini hoja ya msingi inaeleweka na mkulima yeyote: shamba lililoachwa hurudi kuwa kichaka, na kichaka cha miombo ndicho nyumba ya ndorobo.

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, kusini mwa Ziwa Victoria. Katika muongo huo huo ugonjwa ukaonekana magharibi mwa Tanganyika, katika misitu ya Tabora na kusini yake hadi huku kwetu. Serikali ya Uingereza ilimpa kazi Dk. George Maclean, daktari aliyesimamia mapambano dhidi ya malale. Dawa zilikuwepo chache, na ndorobo alikuwa ameenea maili nyingi mno. Maclean alichagua njia nyingine: kuhamisha watu. Familia zilizoishi zikitawanyika msituni zilikusanywa katika makazi makubwa, ili mashamba yao yakikaa pamoja yafyeke eneo pana kiasi cha kumkimbiza ndorobo, na waganga waweze kuwafikia wagonjwa. Ukonongo, upande wa Inyonga, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyokusanywa hivyo.

Hesabu ya kitabibu ilikuwa na mantiki, na ndani ya makazi hayo wagonjwa walipatikana mapema na kutibiwa. Lakini mtu hahamishi mwili tu. Aliacha makaburi, mizinga ya asali katika miti aliyoijua mmoja mmoja, mito ya kuvulia, mahali pa tambiko. Katika nchi ya Wabende na Wapimbwe, hata jina Katavi ni la pepo, Katabi, anayesemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Na ardhi iliyoachwa haikusubiri wenyewe warudi. Kichaka kilipoota, macho ya serikali yaliona pori lisilo na mtu, na pori lisilo na mtu ni rahisi kulipa jina jipya. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla, wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wameanza kupelekwa Katumba. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Nao waliletwa kufyeka misitu ile ile yenye ndorobo. Si haki kusema malale peke yake ndiyo yaliyozaa hifadhi na makambi. Lakini ni vigumu kuisimulia historia ya "mapori matupu" ya Katavi bila kutaja waliohamishwa.

Turudi kwenye swali. Bila kujua ni kimelea kipi kinaweza kumwambukiza mtu, kulikuwa na kipimo kimoja tu cha uhakika: kumwingizia mtu kimelea na kungoja. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, madaktari wa Kijerumani Taute na Huber walifanya hivyo katika Afrika Mashariki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1919: watu zaidi ya 100 walichomwa damu yenye kimelea cha wanyama, wao wenyewe wakiwamo, lakini karibu wote waliobaki wakiwa Waafrika. Hakuna aliyeugua. Mwaka 1934 Waingereza wakaanza jaribio refu huko Tinde, karibu na Shinyanga. Kimelea cha mgonjwa kilipitishwa kutoka ndorobo hadi mnyama, na kutoka mnyama hadi ndorobo, mwaka baada ya mwaka, na kila baada ya muda kikajaribiwa kwa binadamu ili kuona kama bado kinaambukiza. Kiliendelea kuambukiza. Kumbukumbu huwaita watu wale waliojitolea. Msomaji wa leo ana haki ya kujiuliza kujitolea kulikuwa na maana gani kwa mwananchi wa koloni mbele ya daktari wa serikali.

Tinde ilithibitisha jambo kubwa: kimelea cha malale kinaweza kukaa ndani ya wanyama kwa miaka na kisipoteze makali yake. Haikuweza kueleza kwa nini. Wala haikumpa mtu yeyote njia ya kumtazama pongo au ng'ombe na kusema, huyu ana kile cha hatari, yule hana.

Njia hiyo ilitoka Brussels. Mwaka 1989 watafiti wa huko walieleza jeni iliyoonekana kufanya kazi pale tu kimelea kinapostahimili majimaji ya damu ya binadamu. Waliiita SRA. Mwaka 1998 kundi la Etienne Pays lilionyesha kwamba ukiichukua SRA na kuipandikiza katika kimelea cha wanyama, kimelea hicho hakifi tena katika damu ya mtu. Mwaka 2003 kundi hilo hilo likaeleza upande wa pili. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1, ambayo hukitoboa kimelea mpaka kikafa. Ndiyo maana watu wa Taute hawakuugua. Kimelea cha malale hubeba SRA, ambayo huikamata APOL1 na kuizuia isifanye kazi. Tofauti kati ya "kile cha pongo" na "kile cha mtu", iliyowasumbua madaktari kwa karibu karne nzima, ni hiyo.

Mengine yakafuata upesi. Mwaka 2005 jenomu ya Trypanosoma brucei ilichapishwa: jeni takriban 9,000, nyingi zikiwa akiba ya makoti ambayo kimelea hubadilisha ili kinga ya mwili isikitambue. Aina iliyosomwa ilitoka kwa ndorobo wa Kiboko, Kenya. Mwaka 2014 ikaja jenomu ya ndorobo mwenyewe, kazi ya miaka kumi iliyowahusisha watafiti zaidi ya 140 kutoka nchi 18. Humo zilionekana jeni za maziwa, maana ndorobo hatagi mayai kama inzi wengine: hubeba buu mmoja mmoja tumboni na kumnyonyesha.

Faida ya SRA ilionekana mapema, karibu na kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 malale yalizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwa yakijulikana. Watafiti waliupima ugonjwa hadi kwenye chanzo chake: ng'ombe waliouzwa mnadani wakitoka maeneo yenye malale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulitumia SRA kutambua ng'ombe waliobeba kimelea cha binadamu. Hakuna mtu aliyechomwa sindano ili kuthibitisha. Na hatua iliyofuata haikuwa kuhamisha vijiji. Kuanzia mwaka 2006 Uganda iliendesha kampeni ya kuwatibu ng'ombe na kuwapulizia dawa ya kuua ndorobo.

Hapa ndipo jambo hili linapoigusa Katavi ya leo. Tangu miaka ya 1970 wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamekuwa wakiingia na ng'ombe wao katika nchi ambayo ndorobo aliifunga kwa muda mrefu. Mifugo, wanyamapori na watu wanakutana kwenye maji yale yale. Malale yanayoletwa na kimelea hiki sasa ni machache mno; duniani kote visa vinavyoripotiwa havifiki 200 kwa mwaka. Tangu Desemba 2023 kuna hata kidonge, feksinidazoli, kilichopata idhini ya wadhibiti wa dawa wa Ulaya kwa ajili ya malale ya aina hii, baada ya majaribio Malawi na Uganda. Lakini uchache si kutoweka, na zahanati nyingi bado zina darubini tu, huku kipimo cha SRA kikibaki katika maabara za utafiti.

Kuna ukurasa mmoja zaidi, nao umeandikwa ndani ya miili yetu. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza Wamarekani weusi wenye ugonjwa wa figo walikuta aina mbili za jeni ya APOL1, wakaziita G1 na G2. Mwenye nakala mbili ana hatari kubwa zaidi ya figo kuharibika. Lakini aina hizo hizo huweza kuua kimelea cha malale, na G2 hasa humponyoka SRA. Mwaka 2017 utafiti wa wagonjwa wa Uganda ulionyesha kwamba nakala moja ya G2 humkinga mtu dhidi ya malale ya Afrika Mashariki. Babu aliyeponea msituni kwa jeni ile huenda amewarithisha wajukuu kinga na hatari kwa pamoja. Leo kampuni za dawa zinajaribu vidonge vya kuidhibiti APOL1 ili kuokoa figo.

Elimu ya jenomu husifiwa mara nyingi kwa kasi ya mashine zake. Katavi inatupa kipimo kingine cha kuitathmini. Swali ambalo zamani lilijibiwa kwa miili ya watu wa Tinde, na kwa kuhama kwa watu wa Ukonongo, leo hujibiwa kwa tone la damu ya ng'ombe. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hayamrudishii mtu mizinga yake wala makaburi ya wazee wake. Lakini yanamnyima afisa yeyote wa kesho kisingizio kimoja: hawezi tena kusema kwamba, kwa kuwa hatujui hatari iko wapi, watu wote waondoke.