Mguu Unaogoma Njiani

Msomaji mwema, bila shaka unamjua mzee ambaye akienda mwendo kidogo shavu la mguu humuuma hata asimame. Akipumzika maumivu huisha. Akianza tena, hurudi. Majirani husema ni uzee. Mara nyingi sivyo: mishipa ipelekayo damu miguuni imekuwa myembamba kwa mafuta yaliyoganda ndani yake.

Mwaka 1831 Bouley, mganga wa wanyama wa Ufaransa, alieleza habari za farasi wa gari aliyechechemea kila akienda, na akisimama akapata nafuu. Mwaka 1858 Charcot alieleza mambo hayo hayo kwa binadamu.

Zamani mguu uliooza ulikatwa tu. Mwaka 1948, mjini Paris, Kunlin alichukua vena ya mgonjwa mwenyewe akaishona ili damu ipite kando ya mahali palipoziba, kama mkulima achimbavyo mfereji mpya. Tiba hii hudumu, lakini ni upasuaji mkubwa.

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 alikataa kukatwa mguu. Dotter alipitisha mirija myembamba ndani ya mshipa, akaupanua bila kupasua. Bibi yule alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake. Mwaka 1974 Grüntzig wa Zürich alitumia puto dogo. Baadaye ukaja wavu wa chuma wa kuushikilia mshipa. Njia hii ni nyepesi, lakini mshipa huweza kuziba tena.

Tiba ya tatu haina kisu wala puto: ni kutembea. Mgonjwa huenda mpaka maumivu yazidi, hupumzika, kisha huendelea, mara tatu kwa juma. Mwaka 1966 Larsen na Lassen wa Denmark walionyesha kuwa mazoezi husaidia. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa wagonjwa 111, waliotembea chini ya msimamizi waliongeza muda wao wa kutembea kuliko waliotiwa wavu, ingawa hao wa wavu ndio waliosema zaidi kwamba maisha yao yamekuwa mepesi.

Basi, kwa wengi, anza kwa kuacha sigara, kumeza dawa za daktari, na kutembea. Lakini mguu ukiuma usiku kitandani, au ukiwa na kidonda kisichopona, usingoje: nenda hospitali upesi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini maumivu huisha mtu akisimama?
2. Ni dalili zipi zisizoruhusu kungoja?