Safari ya ndege Nairobi–New York

Safari ya ndege Nairobi–New York ni safari ya anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (NBO) nchini Kenya na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa John F. Kennedy (JFK) nchini Marekani. Umbali kati ya viwanja hivyo ni takriban km 11,800. Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787. Kabla ya hapo abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, kwa mfano Ulaya au katika nchi za Ghuba.

Umbali

Kwa kuwa Dunia ni mviringo, njia fupi kati ya mahali pawili ni sehemu ya duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha Dunia. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda kuelekea kaskazini. Kutoka Nairobi inapita juu ya Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko, halafu inavuka Bahari ya Atlantiki. Ndege haiifuati kwa ukamilifu, kwa sababu inaweza kukwepa hali mbaya ya hewa au anga lisilo salama.

Muda wa safari

Boeing 787 ikiwa angani huenda kwa kasi ya karibu km 900 kwa saa. Ukigawanya 11,800 kwa 900 unapata saa 13 na dakika chache. Hata hivyo, safari huchukua takriban saa 15 kwenda New York na saa 14 kurudi. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kupaa na kushuka, ambapo mwendo ni mdogo.

Tofauti ya kwenda na kurudi husababishwa hasa na pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Pepo hizo huizuia ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi. Wengine hudhani sababu ni Dunia kuzunguka chini ya ndege. Sivyo, kwa kuwa hewa huzunguka pamoja na Dunia.

Nairobi iko juu, uwanja wake ukiwa mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo ndege yenye mafuta mengi huhitaji kasi kubwa zaidi ili kupaa, na uzito wa mzigo huweza kupunguzwa.

Tofauti ya saa

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, au saa 7 wakati Marekani inapotumia saa za majira ya joto. Ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku na kusafiri saa 15, Nairobi itakuwa saa 8 mchana inapofika. New York itakuwa saa 12 asubuhi, au saa 1 katika majira ya joto. Kwa hiyo, kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi hakuonyeshi muda wa safari. Sharti kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja.