Sensa ya Oksijeni Ilivyopanda Ufipa

Wiki hii siandiki habari za Mkutano wa Berlin wala sababu za Maji Maji, hizo tumezikariri tangu sekondari mpaka basi. Leo ni historia ya kidude kimoja kama kidole gumba hivi, kinakaa chini ya gari, kimefungwa kwenye ekzosi kama plagi inavyofungwa kwenye injini. Mafundi wanakiita sensa ya oksijeni. (Siyo ile sensa ya watu na makazi, ingawa na hii kazi yake ni kuhesabu.)

Kisa chenyewe ni hiki. Kule kwetu Kate, ukipanda gari ndogo ya abiria kwenda Sumbawanga, mara nyingi utaona kitaa cha rangi ya chungwa chenye picha ya injini kinawaka toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Dereva hana habari nacho. Ukimuuliza anakwambia, "Aah, hiyo ni sensa tu." Wengine wamebandika plasta nyeusi juu yake kabisa ili abiria wasiulize maswali. Sasa madereva wetu siyo wajinga jamani, mtu anayeweza kupitisha gari kwenye tope la masika anajua gari. Kwa hiyo nikajiuliza, hii tabia ya kudharau ile taa walifundishwa na nani? Nimesoma nimesoma, na naona jibu ni la kihistoria. Tuvumiliane maana linaanzia mbali.

Linaanzia Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ule ukungu mchafu uliokuwa unawawasha watu macho ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua. Watengenezaji wa magari walibisha weee, mwishowe sheria ikawazidi nguvu. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi, na kuanzia magari ya mwaka 1975 mengi yakaanza kufungwa kile kifaa chenye vitundu vitundu kwenye ekzosi ambacho huku mtaani tunakiita masega. Ndani yake kuna madini ghali, platinamu na ndugu zake, yanayogeuza gesi za sumu kuwa gesi zenye nafuu.

Lakini masega ni kama mgonjwa wa kisukari, chakula chake lazima kipimwe. Ili yasafishe sumu zote tatu kubwa kwa pamoja, injini inatakiwa ichome kwa kipimo karibu kamili: kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi, sumu moja inapita. Petroli ikizidi, zingine zinapita. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho, hata ukimwita fundi gani. Ikabidi kitafutwe kitu cha kuonja moshi na kuitaarifu injini papo hapo.

Hapa Mfipa anatakiwa kuelewa haraka kuliko wengine. Wazee wetu walikuwa wanayeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kama mita 3, bila mivukuto. Hewa ilikuwa inavutwa yenyewe na moto kupitia matundu na mirija ya udongo iliyowekwa chini kuzunguka tanuri. Siri yote ilikuwa kwenye hewa, manake moto ukipata hewa nyingi kupita kiasi ile gesi ya mkaa inayonyang'anya oksijeni kwenye mawe ya chuma inapungua, na chuma hupati. Profesa Bertram Mapunda ameandika sana juu ya ufuaji chuma wa Ufipa, mkasome. Ninachotaka kusema ni kwamba kupima hewa ya moto siyo sayansi ngeni iliyoletwa na Noah.

Turudi kwa wazungu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza sensa hiyo mwaka 1976, na Volvo ya Uswidi ndiyo ikaifunga kwanza, kwenye magari ya mwaka 1977 yaliyopelekwa California. Ndani yake kuna kigae kidogo cha zirkonia kilichopakwa platinamu. Kikipata moto, kuanzia nyuzi 300 na kitu, kinapitisha chembe za oksijeni na kutoa umeme kidogo sana kutokana na tofauti ya oksijeni kati ya hewa ya nje na moshi wa ndani. Petroli ikizidi kinatoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi kinashuka mpaka kama 0.1. Kompyuta ya gari inasoma hiyo namba, inapunguza au kuongeza petroli, na mchezo huo unaendelea kila sekunde.

Sasa ndiyo tunafika kwenye sumu. Desemba 1921 Mmarekani Thomas Midgley, akifanyia kazi General Motors, aligundua kwamba ukitia madini ya risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi wa kiwanda kimoja New Jersey wakarukwa na akili, watano wakafa, na biashara ikaendelea kama kawaida. Risasi hiyo ikawa inatoka kwenye ekzosi za dunia nzima na kuingia kwenye vifua vya watoto. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na inapunguza hata akili ya darasani. Sisi tunaosomea ualimu hilo tusilichukulie poa.

Kinachoshangaza ni kwamba kwa nchi tajiri, mwanzoni siyo watoto waliosukuma risasi itoke haraka, bali masega! Risasi ikipita kwenye masega inapaka juu ya platinamu na kuiua, na sensa nayo inafunikwa hivyo hivyo mpaka haionji kitu. Kwa hiyo gari lenye masega na sensa ilikuwa lazima lipewe petroli isiyo na risasi. Marekani na Japani zikaanza kuiuza miaka hiyo ya 1970.

Na sisi je? Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka 1985, enzi za ruksa. Mitumba ya Japani ikaanza kumiminika, na miaka ya 1990 ikawa mafuriko. Kumbukeni, hayo magari yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, yana sensa, yana masega, yanategemea petroli safi. Yakashuka meli yakakuta petroli ya Afrika Mashariki. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliendelea kutoa petroli ya risasi hadi miaka ya mwanzo ya 2000.

Basi piga picha. Fundi amejifunza kazi kwenye Land Rover ya kabureta. Analetewa Toyota inayowasha taa. Anabadilisha sensa kwa hela ya mwenye gari, mara taa inawaka tena, kwa sababu petroli imeiua sensa mpya kama ilivyoiua ya zamani. Anabadilisha mara ngapi? Mimi ningekuwa yeye ningeng'oa waya nikaendelea na maisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo "hiyo ni sensa tu" ilipozaliwa. Siyo ujinga, ni uzoefu wa watu waliouziwa gari la karne moja na petroli ya karne nyingine.

Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana risasi iondoke kabla ya mwisho wa 2005. Ajabu ni kwamba walitimiza. Januari 2006 ukanda mzima ulikuwa umeacha, kazi ikiratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka hapo hapo Nairobi. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Hili ni tukio kubwa kuliko mengi tunayofundishwa na sijawahi kuliona kwenye mtihani wa Form Four.

Shida haikuisha siku hiyo. Kukaja uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli na petroli mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011 ili wachakachuaji wakose faida. (Bibi zetu wenye koroboi ndio walioumia, hiyo ni mada nyingine.) Halafu magari yenyewe yanakuja yameshaguswa. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi waliangalia magari ya mitumba yanayopelekwa Afrika, wakakuta mengine masega yameshakatwa na kuuzwa kwa sababu ya platinamu. Na hapa nyumbani wapo wanaozunguka gereji kununua masega. Ukikata masega, sensa ya pili inayokaa nyuma yake inaanza kulalamika, fundi anaisogeza mbali na moshi kwa nati ndefu ili inyamaze.

Lakini kwa Ufipa hii dharau inatugharimu kuliko watu wa Dar. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi, kani yake ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Kariakoo. Ndiyo maana gari la kabureta lililosetiwa Dar likifika Ufipa linatoa moshi mweusi, linakula mafuta na halivuti, petroli ni ileile lakini hewa imepungua. Halafu dereva anashuka Kirando au Kipili kwenye Ziwa Tanganyika, au Muze upande wa Rukwa, ameteremka kama mita 1,000 ndani ya siku moja. Hewa imebadilika tena. Gari lenye sensa nzima linajirekebisha lenyewe njiani. Lililong'olewa linabaki kukisia kwa hesabu za kiwandani, na kwa usalama linakisia kwa kumwaga petroli. Bei ya petroli huko Nkasi mnaijua wenyewe.

Kwa hiyo taa ikiwaka siyo lazima sensa iwe imekufa, na hapa ndipo nagombana na mafundi. Mjumbe hauawi. Kama ekzosi ina tundu kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inapiga kelele kwamba hewa imezidi, na inasema kweli! Ziba tundu kwanza. Angalia na waya, barabara ya vumbi na mawe inazichuna. Ukiifungua itazame rangi: masizi meusi ni petroli nyingi, kahawia ni oili inayoungua, weupe weupe mara nyingi ni ile gundi ya silikoni ya gasketi ambayo mafundi wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Mvuke wake ukifika kwenye sensa unaiziba kama risasi ilivyokuwa inafanya. Na mita ya kawaida ya umeme inatosha: injini ikiwa ya moto, volti inatakiwa icheze juu chini kati ya 0.1 na 0.9. Ikisimama sehemu moja hata ukikanyaga mafuta, hapo sasa tuongee habari ya kununua.

Kwa wenye Toyota za miaka ya 1990 ambazo bado zinadunda kule kwetu, hata mashine ya kupimia hamhitaji. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga injini, halafu hesabu ile taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni 21, ndiyo sensa ya oksijeni au waya zake. Toa plasta kwanza lakini, la sivyo utahesabu nini?